Ubatizo Kwenye Mazalia ya Perege

Dada yangu mkubwa alitaka kubatizwa kwenye maji ya wazi, yenye mchanga chini na mbingu juu, na alitaka iwe kabla moyo wake haujamshinda. Daktari alikuwa ametuambia kwamba moyo umepanuka. Kila jioni miguu yake ilivimba hata kandambili zikamkataa, na usiku alilala ameegemea mito kwa sababu akilala chali pumzi ilimkimbia. Alikuja kwangu Pugu baada ya kufiwa na mumewe kule kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako aliuza samaki maisha yake yote ya ndoa. Hakuwa mtu wa kanisa. Neno lilimwingia uzeeni, barazani kwangu, akichambua mchicha huku akinisikiliza nikifundisha darasa la ubatizo, kazi niliyopewa na kanisa tangu nilipostaafu ualimu. Siku moja aliweka kisu chini akasema, "Na mie nihesabu." Namshukuru Mungu kwa siku ile kuliko kwa siku nyingi nilizoishi.

Kanisa letu ni dogo, halina kisima cha ubatizo. Tulizoea kukodi basi dogo tukaenda baharini, upande wa Boko. Safari ya mwisho dada alipanda akiimba. Kabla hatujalivuka jiji midomo yake ilibadilika rangi. Nikashuka naye, nikamrudisha nyumbani kwa bajaji, wenzake wakaendelea na safari yao. Hakulia. Alikaa siku nzima ameelekea ukutani. Mchungaji wetu, kijana mpole mzaliwa wa kaskazini, alikuja kumfariji akiwa na wazo: simtanki likatwe sehemu ya juu, lijazwe maji, liwekwe uani kwangu pamoja na ngazi.

"Mchungaji," dada akamwambia, "mie si nguo za kulowekwa."

Tulicheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Lakini kila aliyekuwa pale aliiona shingo yake ikipiga kwa mapigo ya moyo, na hakuna aliyejua safari nyingine ya baharini ingemkuta wapi.

Chini ya mtaa wetu kuna bwawa. Lilianza kama shimo la watu waliokuwa wakichimba kifusi cha barabara zamani. Mvua zililijaza, kijito kinachotoka upande wa msitu kikalilisha, na perege wakapatikana humo, wala hakuna ajuaye walivyoingia. Nilipohamia hapa, mtu aliyetaka kitoweo alishuka na ndoana akapanda na kitoweo. Halafu vikaja viwanja. Kilima cha juu kilikatwakatwa, na kila mvua ikawa inashusha udongo. Ukingo wa mashariki, ambako palikuwa na mchanga na maji ya magotini, ukafunikwa na tope jeusi lililochanganyika na mifuko na nepi za watoto. Perege wakapungua mpaka watu wakasema bwawa limerogwa.

Tulimwita binti mmoja, afisa uvuvi, tukamwomba atupatie vifaranga vya samaki vya kupandikiza. Alikataa. Alisema samaki wachache waliobaki wangetosha kulijaza bwawa kama wangekuwa na mahali pa kuzalia. Perege dume, alitueleza, huchimba kishimo kwenye mchanga wa maji mafupi, kishimo cha mviringo kama bakuli. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai yake kwa kinywa na kuyatunza humohumo, wala hali kitu mpaka watoto waanguliwe. "Kwenye tope hawachimbi," alisema. "Rudisheni mchanga, zuieni udongo, kisha msikanyage."

Mwenyekiti wa kamati ya bwawa ni jirani yangu, Mzaramo, Mwislamu wa swala tano, umri wake na wangu ni mmoja. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na utani wetu hatukuuanzisha sisi, tuliukuta. Kiangazi kizima tulifanya kazi pamoja na majirani. Tulichota tope kwa ndoo, tukapanga viroba vya kokoto kwenye mdomo wa kijito ili udongo ukwamie pale, tukamwaga mchanga, tukapanda matete pembeni. Nikisimama kunyoosha mgongo, yeye yupo.

"Beba, Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wewe ndoo moja ya tope unahema?"

"Nahema kwa sababu nabeba na zamu yako. Mzaramo ukipewa ndoo unaigeuza ukaifanya ngoma."

Kazi ilipokwisha tulikaa kikao cha mtaa, tukakubaliana. Tangu samaki watakapoanza kuchimba mpaka watoto wao wakue na kuondoka, mguu wa mtu usiingie kwenye ule mchanga. Hakuna kufua, hakuna kuteka maji, hakuna ndoana. Hata bata wa mwenyekiti wa mtaa walifungiwa. Akina mama waliozoea kufua pale walinung'unika, maana bomba la umma liko juu kabisa na kilima ni kikali, lakini walikubali. Tulifunga kamba yenye vitambaa vyekundu kuzunguka mchanga. Mimi nami nilinyoosha mkono wangu.

Mvua za vuli zilipoanza, nilishuka asubuhi moja nikaviona vile vishimo. Vilikuwa vimepangana chini ya maji kama bakuli kwenye jamvi la shughuli, na juu ya kila kimoja samaki mweusimweusi akizunguka, akimfukuza jirani yake. Nilisimama pale nikasema asante kwa sauti.

Wiki hiyohiyo mchungaji alikuja kumwona dada, akakatiza njia ya bwawani. Aliyaona maji mafupi, mchanga mweupe na mteremko laini. Jumapili alisimama madhabahuni uso ukimwaka.

"Wapendwa, tumehangaika kwenda mbali, kumbe Bwana ametuandalia Yordani yetu hapa chini. Jumapili ijayo tunabatiza bwawani. Na mama yetu aliyekatizwa safari, safari hii tutambeba kwa mikono yetu."

Watu walisema amina. Nilimtazama dada. Alikuwa ameshika ncha ya khanga yake kwa mikono yote miwili na machozi yanamshuka bila kuyafuta. Ningesema nini, mbele ya uso ule?

Ibada ilipokwisha nilimfuata mchungaji ofisini. Nilimweleza habari za mazalia, kamba na kikao. Alinisikiliza vizuri, ni kijana msikivu.

"Mzee wangu," alisema, "tutaingia watu wachache tu. Nusu saa. Hao samaki si watarudi?"

"Vishimo vyao vikikanyagwa, madume watavihama na majike hawatataga. Na majike wenye mayai kinywani wakishtuliwa huyatema."

"Naelewa. Lakini nisaidie hapa. Mama ana muda gani?"

Nikamtajia upande wa pili.

"Upande wa pili, penye tuta, kina ni kirefu na chini ni tope," akaendelea. "Wewe mwenyewe umeniambia. Yeye hawezi kusimama hata sakafuni bila kushikwa. Mzee, nikuulize kwa heshima: tumwambie mama asubiri samaki?"

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mtani wangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba akimkata mbuzi wake kwato.

"Mtani, nina ombi."

"Mnyamwezi hana ombi, ana mzigo. Haya, tua."

Nilitua. Nilipofika kwenye habari ya ubatizo aliacha kisu, akamwachia mbuzi. Kicheko kikafutika usoni mwake.

"Dada yako namheshimu," alisema. "Lakini mwanangu mwenyewe ana kichanga, anapanda na beseni la nepi mpaka bombani kwa sababu mimi babaye nimemkataza kufua pale. Nikifungua kamba kwa ajili ya kanisa, kesho nitamwambia nini? Na msikitini je? Wataniambia nimeuza bwawa kwa mtani."

"Niambie basi nifanye nini."

"Nendeni upande wa tuta."

"Hawezi."

"Subirini watoto wa samaki waondoke."

"Moyo wake hausubiri, mtani."

Mbuzi alianza kutafuna pindo la jamvi. Mwishowe mtani akaokota kisu chake.

"Nenda zako. Nitakuja kwenye ibada yenu."

"Kufanya nini?"

"Kwani mtani hualikwa?"

Niliondoka nikijua maana yake. Wasiokulia kwenye utani hudhani ni maneno ya kuchekesha tu. Mimi nimewahi kumwona mtani ameingia kwenye kaburi lililokwisha chimbwa, akalala humo chali, na jeneza likasubiri juani mpaka aridhike. Wafiwa walisimama wakamtazama, hakuna aliyenyanyua mkono. Mtani akifunga njia, njia imefungwa. Ukimkasirikia, wewe ndiye uliyeharibu shughuli. Nilimrudia mchungaji nikamwonya. Akasema, "Tutamwomba kwa upole, mzee. Ni mtu mzima, ataelewa." Kwao kaskazini utani upo, lakini hajauona ukifunga njia.

Dada hakuambiwa habari za mazalia. Daktari alisema asishtuliwe, nami nilijificha nyuma ya neno la daktari. Wiki nzima nilimsikia akiimba polepole jikoni, nyimbo za ubatizo, akivuta pumzi katikati ya mistari. Joho lake jeupe lilipigwa pasi likatundikwa nyuma ya mlango. Kila alfajiri nilishuka bwawani. Kila alfajiri wale samaki weusi walikuwa juu ya vishimo vyao. Niliomba mvua kubwa inyeshe Jumapili, kisha nikaomba isinyeshe.

Haikunyesha. Tuliteremka baada ya ibada, kwaya mbele, wabatizwa katika majoho, dada akiwa kwenye kiti cha plastiki kilichobebwa na vijana wawili wa kwaya. Majirani walikuwa wametoka kutazama, akina mama wa mabeseni wamesimama peke yao, mikono viunoni. Nilitembea kando ya kiti nikiwa nimeshika mkono wa kile kiti kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nabebwa.

Njia ya kushukia majini ilipoishia, mtani wangu alikuwa amekaa ndani ya maji. Alikuwa ameweka kigoda chake kwenye kokoto, nje kidogo ya kamba, akakalia hapo na baraghashia yake kichwani, msuli aliojifunga kiunoni umevimba kwa maji kama puto, maji yakimfika tumboni. Hapakuwa na pa kupita.

Wimbo ukafa wenyewe.

"Shikamoo mzee," akasema mchungaji.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Mimi nimeshaoga, nangojea sabuni."

Baadhi wakacheka. Mchungaji hakucheka. "Mzee, tunakuomba utupishe. Tuna ibada hapa."

"Ibada endelezeni. Mimi sijazuia ibada. Nimezuia miguu."

Mchungaji alinigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, huyu ana akili timamu?"

"Timamu kabisa. Huyu ni mtani wangu, mchungaji. Nilikuonya."

"Lakini hili si jambo la utani!"

"Kwake ndiyo njia ya kulisema bila kugombana na sisi."

Kijana mmoja wa kwaya, mwenye mabega mapana, alivua viatu akaingia majini kumnyanyua. Nilimpigia kelele ambayo sikujua kama bado ninayo kifuani. "Usimguse! Ukimgusa kwa hasira mie natoka hapa na dada yangu!" Kijana akasimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Upande wa majirani nilisikia mtu akisema, "Haya sasa," na sikuipenda ile sauti. Sekunde ile nilifikiri tungepigana pale, kanisa na mtaa, mbele ya watu waliovaa nguo nyeupe.

Ndipo dada akasema kutoka kwenye kiti. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia.

"We Mzaramo. Umekaa majini asubuhi yote, unataga?"

Mtani wangu akageuka. Ndugu wa mtani ni mtani, na alimjibu kwa furaha ya mtu aliyekuwa akilingojea hilo.

"Wanaotaga wako nyuma yangu, mama. Mimi nawalinda tu. Mnyamwezi akipita hapa na mzigo wake, samaki watageuka chapati."

"Samaki gani?"

"Perege."

"Wamechimba?"

"Wamechimba, wametaga, na wake zao sasa hivi wamejaza midomo."

Dada akanigeukia. Sikuweza kumtazama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na huyu?" akimwonyesha mchungaji kwa kidevu.

"Nilimwambia."

Pumzi yake ilikuwa ikipanda na kushuka. Nilijiandaa kwa lolote, kwa machozi, kwa kuanguka. Alipoanza tena aliongea na mchungaji kama mtu anayeeleza bei ya kitu.

"Mchungaji, mie nimeuza samaki tangu nikiwa bibi harusi. Ukimpasua jike aliyejaza mdomo watoto wanamwagika kutoka mdomoni, wadogo kama uwele, wanarukaruka juu ya meza. Nilikuwa nawafagia chini, kuku wanakula. Kisha tukaanza kwenda sokoni na ndoo tupu. Tulilaumu wachawi, tukalaumu upepo." Akapumzika. "Nipelekeni upande ule."

"Mama, kule kina ni kirefu," mchungaji alisema. "Chini ni tope. Nikikuangusha?"

"Ukiniangusha, niokote."

Mchungaji alivua miwani yake, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa na hofu, na namsifu kwa kuwa hakuificha. "Mzee unasemaje?" aliniuliza. Nilitaka kusema turudi nyumbani. Nilitaka simtanki. Lakini wa kubatizwa alikuwa yeye, na mara ya kwanza nilimshusha kwenye basi bila kumuuliza. Nikasema, "Tumpeleke anakotaka."

Tulizunguka. Mtani wangu alinyanyuka, akachukua kigoda chake, akatufuata ukingoni msuli ukichuruzika. Kwenye tuta, ardhi inashuka ghafla. Mchungaji aliingia kwanza, maji yakamfika kifuani kabla hajapiga hatua nyingi. Tulihitaji watu wanne wa kushika kiti, kila mmoja mguu wake: wale vijana wawili, mimi, na wa nne akatafutwa. Mtani wangu alishaingia.

"Mzee," mchungaji akasema, "samahani, lakini hiki ni kitendo kitakatifu cha kanisa."

"Najua. Wewe batiza. Mimi sibatizi mtu, nashika mguu wa kiti. Mguu wa kiti hauna dini."

Nikamsikia dada akicheka juu ya vichwa vyetu. Tukashuka naye. Tope lilikuwa baridi na lilinivuta mpaka juu ya vifundo. Maji yalipomfika kiunoni alishtuka, akakishika kichwa changu kwa mkono wake, kama zamani aliponivusha mtoni tukiwa watoto. Mchungaji aliinua mkono wake wa kuume.

"Dada yetu katika Kristo, kwa sababu ya imani yako, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana..."

Mguu wa mbele wa kiti ulizama. Kijana aliyeushika alikanyaga shimo, akaenda chini nao, na kiti kikapinduka. Dada alitutoka. Nililiona joho likifunguka juu ya maji, jeupe, tupu, halafu sikuona kitu. Nilipiga mikono chini ya maji nikashika kitambaa, kitambaa kikateleza. Juu ya tuta mtu alipiga yowe. Mtani wangu ndiye aliyempata kwanza, chini ya kwapa, akamwinua, nami nikamdaka kifuani.

Alikohoa maji, macho yamemtoka. Moyo wake niliusikia kwa mkono wangu, ukienda kama wa kuku aliyebanwa kwapani. Nikasema, "Basi, basi, imekwisha dada, imekwisha."

Mchungaji alikuwa amesimama mkono bado uko juu. "Sijamaliza," alisema. Hakumwambia mtu. "Sijalitaja jina la tatu."

"Ameshazama, mchungaji!" akasema kijana wa kwaya, akitema tope. "Inatosha!"

"Haitoshi," akasema mama mmoja wa kanisa kutoka juu. "Atazamishwaje kwa majina mawili?"

"We mama unataka afe?"

Wote wakanitazama mimi. Mimi ndiye niliyefundisha darasa. Ni mimi niliyewakaririsha yale majina matatu barazani, yeye akiwa mmoja wao, akikosea, akirudia. Najua vilevile kwamba Mungu hahesabu kama karani. Nilifungua kinywa niseme inatosha, na nilikuwa na sababu, na zilikuwa sababu nzuri.

Dada aliinua mkono wake. Hakuweza kusema. Alimwonyesha mchungaji, kisha akayaonyesha maji.

"Dada, hapana."

Akatikisa kichwa. Pumzi ilimjia kwa vipande. "Ma... lizia," akamwambia mchungaji.

Nilimbana zaidi. Mtani wangu, uso wake karibu na wangu, baraghashia imepotea, aliongea taratibu, bila utani wowote. "Usimzuie. Shika kichwa chake, mie nashika miguu. Hataenda popote."

Nikalegeza mikono. Mchungaji alisogea, akaweka kiganja kimoja nyuma ya shingo yake na kingine juu ya mikono yake iliyokunjwa. "Na la Roho Mtakatifu," alisema, na tukamshusha, mimi, yeye na yule Mzaramo, maji yakafunika uso wake kwa muda wa kufumba jicho, tukampandisha.

Hakuna aliyesema amina. Tulimbeba mpaka juu ya tuta, tukamkalisha nimemwegemeza kifuani pangu, akina mama wakamfunika kwa khanga. Wale wa mabeseni walikuja pia, mmoja akavua mtandio wake mwenyewe akamfunga kichwani. Midomo yake ilikuwa na ile rangi ya siku ya basi. Nilisali, lakini sala yangu haikuwa na maneno, nilikuwa nasikiliza. Pumzi iliingia, ikakaa, ikatoka. Nikangoja nyingine. Ikaja. Mchungaji alipiga magoti kwenye nyasi mbele yetu, maji yakimtiririka kwenye mikono ya shati, naye alikuwa akisikiliza vilevile. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Jua lilikuwa kali, na joho lilianza kukauka mabegani.

Mwishowe dada alifumbua macho, akawatazama wabatizwa wengine waliosimama foleni kwenye tuta, wamejikunyata kwa woga.

"Hao mnawangojeshea nini?" akasema.

Wakaingia, mmoja mmoja, upande uleule wenye kina kirefu.

Hajapona. Daktari amemwongezea dawa, akanigombeza, na alikuwa na haki ya kunigombeza. Lakini amekula meza ya Bwana, ameketi na waliobatizwa, na mwezi huu alishika mkate kwa mkono wake usiotetemeka sana. Mchungaji amekuja kuzungumza na kamati ya bwawa juu ya kutengeneza ngazi za mawe upande wa tuta. Mtani wangu anasema kanisa linunue na baraghashia.

Juzi dada aliomba kuonyeshwa wale samaki. Tulimteremsha kwa kiti, tukakiweka karibu na kamba. Yangeyange wawili, wale ndege weupe, walikuwa kwenye matete wakivizia. Wamekula wengi, na sijui wangapi watabaki. Jike mmoja alikuwa kwenye maji mafupi na wingu la watoto wake mbele ya uso wake, wadogo kama sindano. Dada aliinama ili aone vizuri. Kivuli chake kilipoanguka juu ya maji, yule jike alifungua kinywa, na wale watoto wakakimbilia ndani, wote, akafunga.

Dada alibaki ameinama kidogo. Kisha akanyanyuka.

"Nirudisheni nyuma," alisema. "Nawatisha."

Tukamrudisha nyuma.